Nina miaka 58: je, mwili wangu bado unaweza kusonga mbele?

Swali la msomaji

Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 58, ni mhasibu, na maisha yangu yote ya kazi yamepita kitini. Shuleni nilicheza netiboli na nilikuwa mwepesi. Sasa nikipanda ngazi hadi ofisini, ghorofa ya tatu, nafika nikihema, na inabidi nijifanye natafuta funguo kwenye mkoba mpaka pumzi irudi. Miezi mitatu iliyopita nilianza kukimbia asubuhi na binti yangu. Wiki ya tatu kano ya kisigino ikaanza kuuma, nikaacha. Natumia dawa ya presha, na goti la kulia hualika nikichuchumaa. Ndugu na marafiki wananiambia nitembee tu, umri wenyewe ndio huu. Ninachotaka kujua: kwa umri wangu mtu anaweza kweli kuwa bora kuliko alivyokuwa mwaka jana, au tunachofanya ni kuchelewesha tu kushuka?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Nimekutangulia kwa miaka 5 tu, kwa hiyo nitakayosema hapa yananihusu na mimi.

Ndiyo, anaweza, na sisemi hivyo kwa kukufariji. Mtu wa miaka 58 aliyekaa kitini miaka 30 ana nafasi ya kupanda kwa miaka kadhaa mfululizo, kila mwaka akiwa na nguvu na pumzi zaidi kuliko mwaka uliopita. Anayechelewesha kushuka ni yule aliyefanya mazoezi makali bila kukoma tangu ujana. Wewe, niwie radhi, bado hujafikia tatizo la heshima namna hiyo.

Fikiria chumba ambacho dari yake inashuka kidogo kila mwaka. Dari ni kiwango cha juu kabisa ambacho mwili unaweza kufika katika umri fulani, nayo inashuka kweli. Hakuna zoezi linaloisimamisha. Lakini wengi wetu hatukai karibu na dari. Tumeketi sakafuni, na tukihisi uchovu tunailaumu dari. Wewe hujaigusa tangu ulipoacha netiboli.

Kinachotuchanganya ni kwamba kazi ya umri na kazi ya kiti, ukizitazama kwa macho, zinafanana mno. Vyote viwili vinapunguza misuli, vyote vinafupisha pumzi, vyote vinakaza viungo. Mtu akifika miaka 58 anaona hasara yote kwa pamoja na kuiandika kwenye daftari la umri. Wewe ni mhasibu, unajua madhara ya kuandika gharama kwenye akaunti isiyo yake.

Kuna utafiti mmoja ambao huwa nausimulia kwa kila anayeniuliza swali lako. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana 5 wa kiume wenye umri wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki 3 mfululizo bila ugonjwa wowote, ili ionekane mwili usipotumika unakuwaje. Miaka 30 baadaye watu walewale walipimwa tena, sasa wakiwa watu wazima wenye vitambi. Ikaonekana kwamba zile wiki 3 za kulala ziliuangusha uwezo wa mwili wao kutumia oksijeni kuliko miaka 30 ya kuishi. Kisha wakapewa mazoezi ya miezi 6, kutembea, kukimbia polepole na kuendesha baiskeli, yakiongezwa kidogo kidogo, na uwezo huo ukarudi ulipokuwa mwanzoni kabisa, walipokuwa vijana. Ni watu 5 tu, tena wanaume watupu, kwa hiyo sijengi ghorofa juu ya utafiti huo peke yake. Lakini unaonyesha wazi nani ni mwizi mkubwa kati ya hao wawili.

Upande wa nguvu, ushahidi unaonifurahisha zaidi ni wa Boston, 1990. Wazee dhaifu 10 wa makao ya kutunzia wazee, wenye miaka 86 hadi 96, walianzishiwa mazoezi ya kusukuma uzito kwa mapaja, na si uzito wa kubembeleza. Ulikuwa mzito kwao. Baada ya wiki 8 nguvu za mapaja za waliomaliza zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Habari za maini nawaachia wenyewe, ila msuli naweza kuusemea: ukipewa kazi ya kutosha, unaitika hata ukiwa na miaka 90.

Na yupo Robert Marchand, mwendesha baiskeli wa Ufaransa aliyezaliwa 1911. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100 na ushei, aliendesha kilomita 24.25 kwa saa moja. Miaka 2 baadaye, akiwa na 102, akafikisha 26.927. Katika kipindi hicho wataalamu walibadilisha mazoezi yake: asilimia 80 ya muda aende polepole, asilimia 20 ajikaze. Uwezo wake wa kutumia oksijeni ukapanda kwa takriban asilimia 13. Alikuwa mtu wa pekee, sikatai, na hakuna atakayeniahidi mimi wala wewe miaka 102. Ninachokitaka kwake ni mgawanyo ule wa 80 kwa 20. Nitaurudia.

Sasa nikutendee haki kuhusu dari. Kiwango cha juu cha mapigo ya moyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda, ufanye mazoezi usifanye. Nyuzi za msuli zinazofanya kazi kwa haraka, zile za kuruka na kushtuka, ndizo zinazosinyaa kwanza. Kano hujijenga taratibu. Mwili huchukua muda mrefu zaidi kupona baada ya kazi nzito. Ed Whitlock, mkimbiaji wa Kanada, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48 akiwa na miaka 73, jambo ambalo vijana wengi hawaliwezi. Akiwa na miaka 85 alikimbia kwa saa 3, dakika 56 na sekunde 34. Hiyo tofauti ya zaidi ya saa moja ndiyo dari ikishuka juu ya kichwa cha mtu ambaye kweli alikuwa ameigusa.

Kabla ya lolote, nenda kwa daktari wako. Kuhema kwenye ngazi kwa mtu asiyefanya mazoezi mara nyingi ni kukosa mazoezi tu, lakini pia kunaweza kuwa upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, au moyo. Kwa wanawake dalili za moyo hazifuati daima picha ile ya mtu kushika kifua. Zinaweza kuja kama pumzi kukata, uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu, au maumivu ya taya na mgongo. Kama kuhema huko kumeanza ghafla au kunazidi wiki hadi wiki, usisubiri. Muulize pia dawa yako ya presha ni ya kundi gani. Dawa za kundi la vizuia-beta (beta-blockers) huzuia mapigo ya moyo yasipande, kwa hiyo saa ya mkononi itakudanganya: utaona namba ndogo na wewe unakaribia kuzimia.

Turudi kwenye kisigino, maana hapo ndipo wenye umri wetu wengi huvunjika moyo na kukata shauri kwamba mwili umegoma. Haukugoma. Sehemu za mwili hazijengeki kwa kasi moja. Moyo na mapafu huanza kuitika ndani ya wiki mbili tatu. Msuli unahitaji kama miezi miwili mpaka mitatu ili uongezeke kwa kuonekana. Kano ni mvivu kuliko wote, inahesabu miezi mingi, kwa sababu haina damu nyingi kama msuli. Wiki ya tatu, basi, pumzi yako ilishapata nafuu, ukajisikia vizuri, ukaongeza mwendo. Kano ilikuwa bado ni ile ya mtu wa kitini. Mtu akikimbia, kano ya kisigino hubeba mzigo wa mara kadhaa ya uzito wa mwili wake kwa kila hatua. Uliiumiza kwa sababu ulikuwa unaendelea vizuri, ila kwa mpangilio uliopinduka.

Nami nimeyafanya hayohayo. Nilipofika miaka 50 nilirudi kwenye vyuma kwa uzito niliokuwa nikiunyanyua nikiwa na 35, eti misuli inakumbuka. Misuli ilikumbuka kweli. Bega halikukumbuka, na lilinichukua miezi 9 kuliomba msamaha.

Kosa la pili ulilofanya, na hili karibu kila mtu hulifanya, ni kuiacha kano ipumzike kabisa. Maumivu hupoa, lakini kano isiyofanya kazi inazidi kudhoofika, na ukirudi inauma mapema zaidi. Kinachotakiwa ni mzigo wa polepole. Simama ukishika ukuta au meza, nyanyuka kwa vidole vya miguu yote miwili ukihesabu hadi 3, teremka ukihesabu hadi 3. Fanya mara 10 hadi 15, pumzika, rudia seti 3, siku moja ndiyo moja hapana. Ikishakuwa nyepesi, nyanyuka kwa miguu miwili uteremke kwa mmoja, na baada ya wiki kadhaa tumia mmoja mwanzo hadi mwisho. Maumivu madogo wakati wa zoezi, tuseme 3 kati ya 10, hayana neno. Hakimu ni asubuhi inayofuata: ukitoka kitandani na kisigino kimekaza au kinauma kuliko jana, umezidisha, punguza. Ukisikia mlio wa ghafla kama mtu kakupiga teke kwa nyuma, ukashindwa kusimama kwa vidole, hiyo si ya mazoezi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama katika majuma yale ulikuwa umepewa antibayotiki za kundi la ciprofloxacin, mwambie daktari, kwa kuwa zinajulikana kudhuru kano hii, hasa kwa watu wa umri mkubwa.

Sasa ule ushauri wa "tembea tu". Sina ugomvi na kutembea. Ni bora mara mia kuliko kukaa, na wewe uanze nako. Ugomvi wangu ni na hilo neno "tu". Kutembea kwenye barabara tambarare hakumfundishi mtu kupanda ngazi, kwa sababu mapaja na makalio hayabebi chochote ambacho hayajazoea. Unaweza kutembea saa nzima kila siku kwa miaka 10 na bado ukashindwa kuinuka kutoka kwenye kiti kifupi bila kushika mkono wa kiti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na juu yake mazoezi ya kujenga misuli angalau siku 2. Watu wameishika nusu ya kwanza ya sentensi, ya pili ikapotea njiani.

Kwa hiyo mimi ningeanza na nguvu, mbio zije baadaye. Jipime kwanza. Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa katikati, kunja mikono kifuani, kisha simama wima kabisa na kukaa, mara nyingi uwezavyo ndani ya sekunde 30. Andika idadi. Kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64, chini ya 12 huhesabiwa kuwa chini ya wastani. Bado hujafika 60, kwa hiyo ukipata 12 usishangilie sana. Kipimo cha pili, simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta uone kama unafika sekunde 10 bila kugusa chochote. Kuna utafiti uliofanyika Brazili kwa watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75, ukaona walioshindwa sekunde hizo 10 walikufa kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata. Usiupokee kama utabiri. Mguu mmoja hauui wala hauokoi mtu. Unachungulia tu hali ya misuli, mishipa ya fahamu na mengineyo kwa pamoja. Na kipimo hiki kinafanyiwa mazoezi: simama hivyo kila unapopiga mswaki, asubuhi mguu huu, usiku mguu ule.

Mazoezi yenyewe si mengi. Mwili una kazi chache kubwa: kuinuka kutoka chini, kuinama na kuinua kitu, kusukuma, kuvuta, kupanda, kubeba. Kwa kuinuka, tumia kilekile kiti cha kipimo. Kikishakuwa chepesi, kumbatia begi lenye vitabu kifuani. Kwa kuinama, vunja mwili nyongani, mgongo ukiwa umenyooka, inua mfuko mzito kutoka sakafuni kama vile unafunga droo kwa makalio. Kusukuma anza na ukuta, kisha ukingo wa meza imara, na siku moja utajikuta sakafuni ukipiga pushapu halali. Kuvuta kunahitaji mkanda wa mpira au dambeli. Kupanda, kidato kimoja cha ngazi kinatosha: mguu mmoja juu, inuka, teremka polepole. Kubeba ni kubeba. Shika mizigo miwili sawa uzunguke nayo nyumba.

Siku mbili kwa wiki, zikiachana kwa siku mbili au tatu, kila zoezi seti 2 au 3 za mara 8 hadi 12. Swali ambalo watu hawaulizi, na ndilo la maana, ni uzito kiasi gani. Uzito unaofaa ni ule unaokuachia kama mara 2 ambazo ungeweza kuendelea nazo lakini ukaacha. Ukimaliza 12 huku unaongea na simu, hujafanya kazi, umejinyoosha. Ukiweza 12 kwa usafi katika seti zote, ongeza uzito kidogo, hesabu irudi 8, upande tena. Kanuni ni hiyo tu, ya kuongeza mzigo kadiri mwili unavyouzoea, na ndiyo wanayoikwepa wengi. Nakutana na watu wenye dambeli zile zile za kilo 2 tangu walipozinunua. Wanashangaa kwa nini hawabadiliki.

Kwa sababu ya presha, usibane pumzi. Unapoinuka au kusukuma, toa hewa, unaporudi, vuta. Mtu akibana pumzi chini ya uzito, presha hupaa ghafla hata kwa asiye mgonjwa. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kudunda ovyo, acha hapohapo.

Baada ya mwezi mmoja hivi, ongeza jambo moja dogo ambalo nalithamini kuliko vyote: inuka haraka, kaa polepole. Simaanishi uruke. Kusudia tu kuinuka kwa kasi. Nilisema nyuzi za haraka ndizo husinyaa kwanza. Mtu akijikwaa, muda wa kuuweka mguu mbele ili asianguke ni mfupi kuliko kupepesa macho mara mbili, na hapo nguvu za polepole hazimsaidii. Wenye nguvu za kutosha huanguka pia, kwa sababu nguvu zilichelewa kufika.

Goti linaloalika bila maumivu wala uvimbe kwa kawaida lina kelele tu, halina ugonjwa. Hata likiwa na gegedu lililosagika, mazoezi ya nguvu ni miongoni mwa matibabu ya kwanza yanayoshauriwa, si kitu cha kukimbiwa. Chuchumaa mpaka pale pasipouma, uzidishe kina pole pole. Likivimba, likikwama au likilegea ghafla, hapo linahitaji kuonwa.

Mifupa siwezi kuipita, kwa kuwa wewe ni mwanamke na nadhani hedhi imeshakoma. Baada ya hapo mifupa hupoteza madini kwa kasi, na kwa miaka mingi wanawake waliambiwa wasibebe vizito wasije wakavunjika. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Australia uliofanya kinyume: wanawake waliokoma hedhi, ambao mifupa yao ilishapungua uimara, walinyanyua uzito mkubwa dakika 30, mara 2 kwa wiki, kwa miezi 8, chini ya uangalizi wa karibu. Mifupa ya uti wa mgongo wa kiunoni iliongezeka madini kwa karibu asilimia 3, huku ile ya kundi jingine, lililofanya mazoezi mepesi nyumbani, ikipungua. Zingatia hayo maneno "uangalizi wa karibu". Ukitaka kufika kwenye vyuma vizito, tafuta mwalimu anayejua kumfundisha mtu wa umri wako, na kama hujawahi kupimwa mifupa, omba upimwe.

Sasa pumzi. Wewe una jimu ya bure nayo ni zile ngazi zinazokuaibisha. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: madereva, waliokaa siku nzima, walipatwa na maradhi ya moyo kuliko makondakta, ambao kutwa walikuwa wakipanda na kushuka ngazi za basi. Baadaye Morris mwenyewe alikwenda kukagua vipimo vya sare zao, akakuta madereva walikuwa wanene zaidi kiunoni tangu wanaajiriwa, kwa hiyo ngazi hazikuwa sababu pekee. Nampenda kwa hilo. Si kila mtafiti anarudi kutafuta tundu kwenye kazi yake mwenyewe. Aliendelea na mazoezi uzeeni, akafariki 2009 akiwa na miaka 99.

Hapa ndipo ule mgawanyo wa Marchand unaingia. Sehemu kubwa ya mwendo wako, siku 3 au 4 kwa wiki, iwe kwa kasi ambayo unaweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Watu wengi huenda kwa kasi ya katikati kila siku, ngumu mno kuwa nyepesi na nyepesi mno kuwa ngumu, na hubaki palepale. Sehemu ndogo, mara moja kwa wiki, iwe ngumu kweli. Baada ya wiki 8 za msingi, na daktari akikuruhusu, tafuta mlima au ngazi ndefu: panda kwa dakika 1 kwa kasi inayokuachia maneno mawili matatu tu, teremka taratibu mpaka pumzi itulie, rudia mara 4. Baadaye unaweza kurefusha hadi dakika 3, hata 4. Sijasema ukimbie. Kupanda kwa miguu kunautosha moyo wako kwa sasa, na kano haipigwi na vishindo.

Chakula nisikirefushe. Msuli wa mtu mzima hauitiki upesi kwa protini kama wa kijana, kwa hiyo tunahitaji zaidi kidogo: gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, igawanywe katika milo badala ya kurundikwa usiku. Mwenye kilo 70 anahesabu 70 hadi 84. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii kabla ya kuongea na daktari. Usingizi nao ni sehemu ya mazoezi, maana msuli haujengeki ukiwa jimu, unajengeka ukiwa umepumzika.

Utarajie nini? Wiki 3 za kwanza utajisikia mwenye nguvu zaidi ilhali msuli haujaongezeka hata kidogo. Ni mishipa ya fahamu inajifunza kuuita. Watu wengi huzidisha hapo, kama ulivyofanya. Kati ya wiki ya 8 na ya 12, rudia kipimo cha kiti; nitashangaa kama hujaongeza mara 3 au zaidi. Mwezi wa 6, kano. Mwaka mzima, mifupa. Mwaka wa pili na wa tatu utaendelea kupanda, ila kwa hatua fupi fupi, na itafika siku utaongeza kilo moja kwa miezi mitatu. Hapo ndipo utakuwa umeanza kuinusa dari, na swali lako la kuchelewesha litakuwa na maana. Niandikie tena siku hiyo.

Na kuhusu binti yako, sijasahau. Utakapoweza kunyanyuka kwa vidole vya mguu mmoja mara 15 kila upande, na asubuhi yake kisigino kimetulia, rudi barabarani naye. Kimbia dakika 1, tembea dakika 2, kwa dakika 20, siku 2 kwa wiki, usiongeze chochote kabla wiki 2 hazijaisha. Yeye akiona mwendo huo ni wa polepole, atangulie, mtakutana akirudi.